Majivu Niliyoyakataa

Kazi ya rangi nilijifunza Kigoma, kwa mtu aliyekuwa akiandika vibao vya maduka. Nilikaa naye miaka miwili, kisha nikachoka, kama ninavyochoka kila mahali. Nimekaa Manono, nimekaa Lubumbashi, nimekaa Moba. Kote huko nilikuwa ninawasimulia watu habari za Kalemie nilikozaliwa mpaka wananiuliza kwa nini nisirudi. Nikirudi, ile Kalemie ya masimulizi yangu siikuti. Ziwa limepanda na kumeza njia tuliyopita kwenda shule, na nyumba ya mama ina watu nisiowajua.

Safari ile nilirudi nikiwa nimepita miaka arobaini, bila mke, na brashi sita kwenye mfuko. Mfanyabiashara mmoja aliniazima depo yake, ghala lililokuwa tupu, akasema nikae humo mpaka apate mzigo wa sementi kutoka Kabimba. Nikaanza kukusanya watoto wa mtaa kila alasiri baada ya masomo. Karatasi hatukuwa nazo, kwa hiyo tulichora juu ya mifuko ya sementi iliyochanwa. Kabla ya kuchora lazima uupige mfuko ukutani mpaka vumbi litoke, na watoto walirudi kwao weupe kama wametoka kwenye unga. Mama zao walinisema sana. Lakini waliwaacha waje, kwa sababu alasiri watoto hawana pa kwenda.

Kati yao alikuwepo binti wa miaka kama kumi na miwili, aliyeletwa mjini kutoka Kirungu, milimani juu ya Moba, baada ya mama yake kufariki. Aliishi na nkambo yake, ndivyo tunavyowaita mabibi kwetu, aliyeuza sokoni ndakala, yaani dagaa, waliokaushwa. Watoto wengine walichora ndege, magari, wachezaji wa mpira. Yeye alichora mambo aliyoyaona asubuhi ile. Siku ya kwanza alichora ziwa kwa udongo mwekundu, na wenzake wakamcheka.

"Ziwa gani hii? Ni supu ya tomati?"

"Wewe unaangaliaka ziwa siku ya jua tu," akajibu bila kuinua kichwa. "Kuja uone siku mvua inanyesha kwenye mulima."

Ilikuwa kweli. Nimezaliwa hapo, na sikuwahi kuliona ziwa vile mpaka aliponionyesha mtoto wa milimani.

Nkambo yake alikuja siku moja na beseni lake kichwani, akasimama mlangoni.

"Papa, huyu mutoto anachora mpaka chini ya sahani."

"Ni kipaji, Mama."

"Kipaji inapikwa na mafuta ao na maji?"

Watoto wakacheka, na mimi nikacheka nao. Yeye hakucheka. Akaniambia kwamba miguu yake imechoka, kwamba baba mkubwa wa mtoto kule Kirungu anamhitaji shambani, na kwamba boti ya Moba haikosekani. Nikamwomba asubiri. Nilikuwa nimeandika barua kwa shirika moja la Lubumbashi linalosaidia vikundi vya watoto wanaochora na kuigiza. Walikuwa wamejibu: watu wawili watakuja Jumatatu fulani, wanataka kuona kazi moja kubwa ya watoto wenyewe. Wakiridhika, tutapata chumba chetu na mtu wa kufundisha mwaka mzima.

Nkambo akatua beseni lake.

"Wakisema ndiyo, mutoto anabaki na masomo yake. Wakisema hapana, anapanda boti. Usiniombe tena."

"Sitakuomba tena," nikasema.

Kazi kubwa ilikuwa ukuta wa mbele wa depo, chini ya paa refu lililokinga mvua. Rangi za duka zilitushinda, tukatengeneza zetu. Nyekundu na manjano zilitoka kwenye korongo nyuma ya mtaa, nyeupe ilikuwa chokaa, nyeusi makaa ya kusaga, na buluu ni ile ya kufulia nguo. Swali likawa ni kitu gani kitaishikisha rangi ukutani.

Mimi nilikuwa na jibu tayari. Mama yangu alikuwa anachemsha maji ya unga wa muhogo mpaka yawe mazito, anatumbukiza mashati yetu ya shule, yanakauka magumu kama ubao. Harufu ya sufuria ile nimeibeba katika miji yote. Nilipopika sufuria ya kwanza pale depo, nilisimama juu ya mvuke kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Binti alichovya kidole, akaonja.

"Papa, hii itakuliwa."

"Na nani?"

"Na mbuzi. Kule kwetu wamama wakipaka nyumba, wanatiaka majivu mingi. Mbuzi hapendi majivu."

Kwao Kirungu wanawake hupaka kuta za nyumba udongo wa rangi kila baada ya mvua, na yeye alikuwa ameshika udongo ule tangu ajue kutembea. Nilijua hivyo. Nilitia majivu kidogo katika kikopo kimoja, nikaona nyekundu inageuka rangi ya panya, na manjano inakufa kabisa. Nikamwaga.

"Tunataka rangi zionekane, mama," nikamwambia. "Hii si nyumba ya kijijini."

Hakubisha. Mtoto wa kwetu habishani na mtu mzima. Alichukua brashi yake akaenda upande wa kushoto, sehemu aliyopewa ziwa.

Tulifanya kazi wiki mbili. Sitaieleza picha yote, kwa sababu nikijaribu ninaiona ikipungua. Ilikuwa na soko, na reli, na wanawake wenye mabeseni, na mbwa mmoja aliyechorwa na mtoto mdogo kuliko wote akawa mkubwa kuliko treni. Upande wa kushoto ziwa jekundu lilikuja mpaka kwenye mlango wa nyumba, na ndani ya nyumba mtu alikuwa anapika kana kwamba hajui. Watu waliopita walisimama. Hata mwenye depo alikuja akasimama, mikono nyuma, akasema, "Eh!" Jumamosi jioni tulimaliza. Rangi zote zilionekana.

Jumapili mtaa wetu wote huenda misani. Misa ile ilikuwa ndefu, kulikuwa na ubatizo. Asubuhi hiyo hakubaki mtu wa kufukuza mbuzi, na mbuzi wa mtaa wetu hawafungwi.

Tuliporudi tuliwakuta kama tisa wamejipanga mbele ya ukuta, kimya, wanalamba kwa adabu kama watu walio mezani. Wakubwa walisimama kwa miguu ya nyuma. Kutoka chini mpaka kimo cha mbuzi aliyesimama hapakuwa na kitu, ni saruji iliyolowa mate. Juu yalibaki mabeseni bila wanawake, moshi wa treni, na mstari wa milima. Ziwa lote lilikuwa limekwisha.

Watoto walipiga kelele, wakatupa mawe, kisha mmoja akaanza kucheka na wengine wakafuata. Binti hakucheka wala hakulia. Alimwangalia mbuzi mmoja aliyekuwa bado na nyekundu midomoni, halafu akaniangalia mimi, mara moja tu. Kama angesema "nilikuambia," ningepata la kujibu.

Tulijaribu kupaka upya mchana ule. Udongo uliobaki ulikuwa kidogo na mikono ilikuwa na haraka. Jumatatu wageni walikuta matope. Niliwaeleza. Walikuwa vijana wapole, mwanamume na mwanamke. Mwanamke alicheka mpaka akafuta machozi, akaniomba radhi, akampiga picha mbuzi aliyekuwa amerudi kutafuta mabaki. Niliwatandazia chini ile mifuko ya sementi yenye michoro, wakaipitia wakiitikia kwa kichwa.

"C'est bien, Papa, ni nzuri. Tutawaandikia."

Hawakuandika. Baada ya wiki mbili mwenye depo alipata mzigo wake, na vijana wa kubeba walipanga mifuko ya sementi mpaka darini. Nilisimama nikiwaangalia, nikajikuta ninahesabu karatasi za kuchorea ambazo zingetoka kwenye mifuko ile.

Nkambo hakurudi kuniuliza. Nilisikia tu kwamba wamekwenda bandarini, nikakimbia. Binti alikuwa amekaa juu ya gunia katika boti, na kitambaa kichwani kama mwanamke mzima.

"Utachora kule?" nikamwuliza.

"Kule kuna kazi, Papa," akasema, kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto.

Sikumaliza mwaka Kalemie. Nilirudi Moba, nikakata mbao, nikauza sabuni. Miaka mitatu ikapita kabla sijapata moyo wa kupanda Kirungu. Kule kuna baridi, na njia inapanda mpaka unajuta. Nilimkuta nyuma ya nyumba ya baba yake mkubwa, na jembe, amerefuka. Alinisalimu vizuri, akaniletea kiti na maji. Niliangalia mikono yake, kisha kuta. Nyumba ilikuwa imepakwa karibuni, laini, rangi ya panya kutoka chini mpaka juu. Hapakuwa na mstari hata mmoja.

Nilikuwa nimebeba brashi mbili kati ya zile sita. Nikazitoa. Alizipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama inavyopasa, akasema zitafaa kusafishia mawe ya kusagia.

"Na huu ukuta ulipaka wewe?"

"Ni mimi."

Mbuzi alikuja wakati tunaongea, akanusa ukuta, akageuka, akaegemeza ubavu wake pale na kuanza kujikuna. Binti hakumfukuza. Hakukuwa na sababu.