Mita Kumi na Nne

Kapteni hakwenda chuo kikuu kwa mapenzi ya vitabu, tusidanganyane. Jeshi lilitoa waraka kwamba asiye na shahada hatakuwa meja, naye umeja alikuwa ameusubiri mpaka nywele zikaanza kumkimbia. Basi akiwa na miaka arobaini na mbili akajibana kwenye dawati la uhandisi pamoja na vijana waliomwita Mjomba, akawa anaazima kalamu kwa watoto wa umri wa binti yake. Mwaka wa kwanza kichwa kilimgomea kabisa. Wa pili kikaanza kufunguka, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Asubuhi moja mhadhiri, mama mfupi asiyecheka ovyo, aliandika swali ubaoni: gari limefunga breki, matairi yameburuza na kuacha alama kwenye lami, tafuta lilikuwa na mwendo gani. Wenzake wakainama kuandika. Kapteni akabaki na kalamu hewani. Alama kama hizo aliwahi kuzipima mwenyewe kwa tepu, miaka tisa nyuma, lori la kikosi lilipopinduka kwenye kona na kuua askari watatu. Zilikuwa mita kumi na nne. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuchunguza. Dereva alimwambia, "Afande, nilikuwa hamsini. Mzigo ndio uliohama." Kapteni akamwona mwongo. Akaandika tisini, kwa kukisia tu, maana wakubwa walitaka jibu kabla ya Ijumaa. Dereva akafukuzwa jeshi.

Sasa akapiga hesabu. Hamsini. Akarudia, akaongeza hiki na kupunguza kile, na hata sitini haikufika. Kwa tisini alama zingepita mita arobaini. Akatoka darasani bila kuaga mtu.

Wiki hiyohiyo aliandika ripoti mpya, kurasa mbili, akaipeleka kwa kamanda. Kamanda aliisoma amesimama.

"Tulikupeleka chuo upate cheo," alisema taratibu, "siyo urudi kutufukulia makaburi. Orodha ya mameja inapelekwa juu Jumatatu. Chukua karatasi yako. Mimi sijaiona."

"Nakala imeshapokelewa masjala, afande. Ina mhuri."

Kamanda akavuta orodha iliyokuwa mezani, akalitafuta jina, akalikata kwa mstari mmoja. Kapteni akapiga saluti na kutoka.

Dereva siku hizi alikuwa fundi baiskeli, anafanyia kazi mlangoni kwake. Kapteni alimkuta ameinamia gurudumu. Alikuwa na aibu, tena aibu ya kweli, maana alijua kitu ambacho hakukiandika popote: mmoja wa wale askari watatu waliokufa alikuwa mdogo wa mke wa dereva, wa tumbo moja. Akaeleza alichokuja nacho, akanyoosha karatasi.

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa, lakini hakuipokea.

"Usinisomee mimi, afande. Mimi nilikuwa kwenye usukani, najua." Akageukia ndani. "Mama watoto, hebu njoo." Kisha akashusha sauti. "Msomee huyu. Miaka tisa ananipakulia chakula bila kunitazama usoni."

Mkewe akatoka, mikono ina povu la sabuni. Kapteni akasoma. Alipofika katikati mama yule akamkatisha.

"Rudia hapo kwenye mwendo."

"Hamsini."

"Na ile tisini ilitoka wapi?"

"Kwangu," alisema Kapteni. "Nilikisia."

Mama akaketi pale kizingitini, povu linamdondokea gaunini. Alimtazama mumewe, akamtazama sana, kama anayetafuta mtu aliyemjua zamani.

"Mama yangu amekufa anakulaani," alimwambia. "Na mimi nilikuwa naitikia amina."

Fundi akaweka spana chini, akaenda kukaa karibu naye. Kapteni akabaki amesimama na karatasi yake, na hakuna aliyemkaribisha kiti.