Nilifuta Ufunguo wa Katekista, Mkewe Akafia Njiani

Admin, nifichie jina. Mafundi wa funguo za magari huku Mikumi tunahesabika, wenye akili watanijua tu, lakini nimechoka kukaa na jambo hili peke yangu.

Nina miaka 34, nina mke na watoto wawili. Kwetu ni Rudewa, ila kibanda changu cha kazi kipo Mikumi kando ya barabara kuu. Magari ya siku hizi ndani ya ufunguo yana chipu, na gari lisipoitambua haliwaki, hata kama ufunguo umeingia na kuzunguka vizuri. Mtu akipoteza funguo zote ananiita, nachonga mpya, nachomeka kompyuta yangu na kuusajili kwenye gari. Kisha nafuta zote za zamani kwenye kumbukumbu ya gari ili aliyeokota asije akaondoka na gari la watu. Hiyo ni sheria yangu mwenyewe na nilikuwa najisifia nayo kwa wateja. Nyingine ni kwamba sigusi gari la mtu kabla sijaona kadi ya gari na kuongea na mwenyewe.

Miezi miwili iliyopita alinifuata Elia (si jina lake), mtoto wa katekista wetu wa Rudewa, ambaye naye anaishi huku Mikumi. Mzee huyo ndiye aliyenifundisha mafundisho ya kipaimara, na mkewe ndiye aliyekuwa akinipa uji nikitoka shule sina kitu tumboni. Elia akasema baba yake ameangusha ufunguo shambani, hakuna mwingine, na kamtuma aniite. Nikabeba vifaa tukaenda. Tulipofika, wazee wote wawili walikuwa wamekwenda msibani kijiji cha jirani kwa miguu. Namba ya mzee ninayo. Nilitoa simu nimpigie, halafu nikairudisha mfukoni. Niliona ni utovu wa adabu kumpigia mtu mzima yuko msibani nimuulize kama mwanawe ni mwongo. Kadi nayo sikuomba. Kwa mteja wa kawaida ningekuwa mkali kama askari, ila nyumba ile nilishindwa. Nikafungua mlango, nikachonga, nikasajili, nikafuta za zamani, nikaondoka nikijiona nimewasaidia wazazi wangu.

Kumbe mzee hakuwa amepoteza kitu. Ufunguo alikuwa nao mfukoni, kwa kuwa alikataa katakata Elia kuendesha lile gari. Elia alitaka wake wa siri, ili mzee akienda kwenye mikutano ya kanisa yeye abebee abiria. Kwamba nimefuta ule wa zamani sikumwambia, na yeye hakuuliza. Akarudi zake Mikumi na ufunguo pekee uliokuwa na uwezo wa kuwasha gari la baba yake.

Siku ya tatu, mchana, mama akabanwa na pumu. Mzee akamweka kwenye gari, akazungusha ufunguo, injini ikalia ikakata. Akazungusha tena na tena huku mke wake akitafuta pumzi pembeni yake, mpaka betri ikaisha. Majirani wakampakia kwenye bodaboda, dada mmoja akamshika kwa nyuma, wakakimbia kuelekea hospitali Kilosa mjini. Hakufika.

Habari ya gari kukataa kuwaka niliisikia pale pale kwenye mazishi. Nilimvuta Elia nyuma ya jiko nikamuuliza, akaniambia kila kitu huku analia. Akaniomba kwa jina la mama yake nisiseme, maana mzee akijua atamfukuza na kumlaani, na nyumba itakuwa imezika watu wawili. Nikamkubalia. Hata mimi nilikuwa najiokoa, sitadanganya.

Wiki mbili baadaye mzee akapanda basi akaja kibandani kwangu. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Akafungua kitambaa, ndani mna ule ufunguo wa zamani. Akanieleza kwamba siku moja kabla ya mkewe kubanwa na pumu alikuwa anamwagilia mchicha, ufunguo ukamtoka ukatumbukia kwenye ndoo, akaupangusa kwa shati akaona yameisha.

"Mwanangu, wewe ndiye unayezijua hizi," akasema. "Usinionee huruma. Ni yale maji?"

Niliushika, nikajifanya naugeuzageuza kwenye mwanga. Ufunguo ulikuwa mzima kabisa. Nikasema, "Ndiyo mzee, ni maji."

Akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyesomewa hukumu aliyokuwa anaitarajia. Hakulia. Alinishukuru, akaondoka.

Tangu hapo hapokei Meza ya Bwana. Amekonda, na wanaomletea chakula wanakikuta vile vile. Mimi nyumbani nimekuwa wa kugombeza watoto bila sababu, na mke wangu anadhani nina mwanamke nje.

Kuuliza si ujinga, tuliimbishwa tangu darasa la kwanza, na mimi nilishindwa kuuliza swali moja kwa sababu ya heshima. Heshima gani hiyo inayoua?

Sasa jana mzee amenipigia. Kule kwetu mtu mwenye dhambi nzito husimama kanisani mbele ya waumini akaitubu kwa mdomo wake. Amesema Jumapili hii atasimama kutubu kwamba uzembe wake ndio uliomuua mkewe, na ameomba nije nisimame naye, kwa sababu watu wanamtetea wanasema si kosa lake. Anataka fundi awathibitishie kwamba ni kosa lake.

Nikienda nikanyamaza, nimemzika mzee akiwa hai. Nikisema, nampokonya mtoto aliyebaki naye, na sijui kama mimi mwenyewe nitatoka pale salama. Elia amezima simu. Leo ni Ijumaa. Ndugu zangu mnaosoma, nitukaneni mnavyotaka, lakini kabla ya Jumapili mtu mmoja aniambie: nikiitwa mbele pale, niseme nini?