Dawa ya Maziwa

Usiku huo Perpétue alilala na simu kifuani, na kila ilipotikisika aliruka. Mara ni tangazo, mara ni dada yake wa Bukavu aliyesahau kwamba huku Saint Paul, Marekani, watu bado wamelala. Habari aliyoingoja ilikuwa moja tu: je, mwanawe Rukundo amekubaliwa kwenye utafiti wa dawa mpya ya skizofrenia, au amekataliwa?

Rukundo alikuwa na miaka ishirini na minne. Ugonjwa ulimshika mwaka wa mwisho wa shule. Vidonge vilizituliza sauti alizozisikia kichwani, ingawa havikuzimaliza, lakini kuna kitu ambacho hakuna kidonge kilichokigusa. Kijana aliyekuwa akichekesha basi zima la shule sasa hawezi kumtazama mtu usoni. Anakula chumbani. Salamu tu inamchosha kama aliyebeba gunia.

Saa mbili asubuhi simu ikalia kweli. Alikuwa Keziah, nesi Mkenya wa pale kwenye utafiti.

"Mama Rukundo, amepita. Lakini aje leo, kabla ya saa sita, aseme mwenyewe kwamba anakubali. Asipokuja, nafasi inapewa mwingine."

"Nitamleta."

"Na narudia, mama, sitaki kukudanganya. Ni dawa ya kupuliza puani. Wengine watapata homoni, wengine maji tu, na hata mimi sitajua nani kapata nini. Kwingine walikojaribu, kuna walioona nafuu na kuna ambao hawakuona chochote. Usiseme Keziah aliniahidi."

"Mwanangu akinitazama usoni akajua kwamba nacheka, hiyo yanitosha," Perpétue alisema. "Tunakuja."

Homoni yenyewe, Keziah alikuwa amemweleza, ni ile inayomletea mwanamke uchungu wa kuzaa, na tena ndiyo inayoshusha maziwa mtoto anaponyonya. Madaktari wanafikiri huenda inasaidia watu kuaminiana na kusoma nyuso za wenzao. Perpétue hakuwahi kuelewa neno la hospitali upesi namna ile. Alipoomba kanisani mwanawe aombewe, aliiita dawa ya maziwa. Maneno hayo yakazunguka kwa simu kutoka kitongoji cha Maplewood mpaka cha Blaine, na yaliporudi yalikuwa mengine kabisa: Wazungu wanataka kumgeuza Rukundo mwanamke.

Kwa hiyo hakushangaa mlango ulipogongwa kabla hajavaa koti. Aliingia shemeji yake Thaddée, mdogo wa marehemu mumewe, na nyuma yake watu wawili wa kanisani: Mama Bernardine na mzee Bahizire, Biblia kwapani.

"Shemeji, tumekuja kukuepusha na aibu," Thaddée alisema. "Kaka yangu aliacha mtoto wa kiume."

"Na bado ni wa kiume. Vueni viatu, mnaniletea theluji ndani."

"Atatoka maziwa," Mama Bernardine akanong'ona.

"Akitoka maziwa nitakuletea ya chai."

Mzee Bahizire alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Thaddée hakucheka. Alisema kijana ana pepo na wamekuja kumwekea mikono. Akaanza kuelekea chumbani.

Perpétue alimpita. Akavuta kiti cha mezani, akakiegemeza kwenye mlango wa Rukundo, akaketi.

"Mara ya mwisho mlimkandamiza hapo sebuleni mpaka sauti ikamkauka," alisema. "Leo hapiti mtu."

"Wewe unajua nini kuhusu homoni? Hata darasa la sita hukumaliza."

"Sikumaliza. Lakini maziwa nilikuwa nayo mimi, shemeji, si wewe. Unakumbuka kule kambi ya wakimbizi, alivyokuwa akinyonya huku amenikazia macho? Kama kuna kitu kwenye damu kinacholeta vile, wacha wamjaribishie. Wakikosa, wamekosa. Nitatafuta kingine, na hicho kikishindwa nitatafuta tena. Sikuombi ruhusa."

Nyuma ya mgongo wake, mbao za mlango zikapitisha sauti ndogo ya Rukundo.

"Mama. Wanaongea juu yangu."

Maneno hayo alikuwa ameyasikia miaka yote ya ugonjwa, na jibu lake halikubadilika: hakuna mtu, mwanangu, ni ugonjwa huo. Jibu likamfika mdomoni. Akalimeza.

"Ndiyo," alisema. "Leo ni kweli. Wanaongea juu yako. Hujakosea."

Thaddée alitaka kusema, mzee Bahizire akamshika mkono.

"Ni nani?"

"Baba yako mdogo. Na Mama Bernardine, na mzee Bahizire."

"Watatu tu?"

"Watatu."

"Mimi nasikia wanne."

"Huyo wa nne simwoni. Hawa watatu nawaona, wamesimama hapa na soksi."

"Wanasema nitakuwa mwanamke."

"Wanasema hivyo. Keziah anasema si kweli. Huenda isikusaidie, huenda ukapewa maji matupu. Kukubali au kukataa ni juu yako. Si juu yao." Ikambidi avute pumzi ndipo amalizie. "Wala si juu yangu."

Alisimama, akakisogeza kiti pembeni. Hakugonga mlango. Thaddée akatazama saa, Mama Bernardine akaangalia ukuta kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya.

Kitasa kikazunguka. Rukundo alitokea, koti limefungwa mpaka shingoni, macho sakafuni.

"Baba mdogo," alisema, "nimeona dirishani. Gari lako limelizibia la mama njia. Liondoe."