Mlipuko wa Kama Nini

Asubuhi hiyo dada yangu mdogo, anayesomea mambo ya nyota chuo kikuu Nairobi, alinipigia simu akihema. Setilaiti ilikuwa imenasa mlipuko wa miale ya gama. Nyota kubwa imekufa, mbali kupita akili, na kikundi chao kilipata taarifa mapema. Sikuelewa hata nusu, ila nilijaa fahari. Nikakimbia hadi zizini, alikokuwa baba akikamua.

"Baba, setilaiti imeona mlipuko."

"Mlipuko ya kama nini?"

"Ya gama."

"Hiyo kama ndiyo nauliza. Kama nini?"

Sisi Wakipsigis g na k hutuchezea, kwa hiyo nilicheka badala ya kumjibu. Nikajitwika kikapu nikaenda kuchuma chai. Mjinga mimi.

Kwa baba, mlipuko ni kitu kimoja tu, kile cha redioni: mlipuko wa ugonjwa wa ng'ombe, karantini, masoko kufungwa. Mwaka mlipuko ulipotufikia tulizika zizi zima, akabaki ndama mmoja, aliyekuwa wa mama yetu. Mama naye hakukaa sana, akafariki. Ndama huyo, sasa ng'ombe mzima, ndiye aliyekuwa akikamuliwa asubuhi hiyo, na baba hakuruhusu mtu mwingine amguse.

Niliporudi kutoka kupimisha majani, zizi lilikuwa tupu. Baba ameketi kwenye kigogo, kofia mkononi. Alikuwa amekodi pikapu hadi soko la Ndanai, akamuuza ng'ombe kabla karantini haijalifunga.

"Siwezi kuzika ingine," alisema.

Nilichukua namba ya mnunuzi kwa baba nikampigia simu, naye akajibu bila ubaya wowote kwamba yeye ni mchinjaji, na ng'ombe ameshaning'inia. Nilikaa chini pale pale kwenye matope. Sijawahi kujichukia vile.

Kisha nikampigia dada, nikaweka spika, nikamsimulia yaliyotokea, nikamwambia amweleze baba mwenyewe. Alieleza huku analia. Baba alisikiliza hadi mwisho.

"Hiyo nyota ilikufa lini?"

"Kitambo sana, baba. Kabla hata dunia haijakuwa."

Baba alitazama ndoo, aliyokuwa ameshaiosha kwa ajili ya kukamulia jioni. Halafu akanigeukia mimi, si simu.

"Sasa wewe ulikuwa unakimbia ya nini?"