Nilivyoikoboa Kompyuta ya Mama Abdi

Mimi hurekebisha kompyuta hapa Mwingi, na mdomo wangu hutangulia akili. Juzi Mama Abdi, mwenye duka la nguo, aliniuliza kwa nini kompyuta yake inaenda polepole. Nikamwambia ndani yake kuna kernel, kiini kinachoongea na mashine yenyewe.

"Ni kama muthokoi," nikajigamba. "Mahindi tunayatwanga, ganda linatoka, inabaki punje ya maana ya kupika. Hayo mengine yote ni makapi."

"Kwani makapi yanafanya kazi gani humo?" akauliza.

Swali zuri. Laiti ningelijibu kwanza! Niliweka mafaili yake kando, nikafuta kila kitu, nikaacha kernel peke yake. Nilitaka sana kuona itakimbia namna gani.

Wateja wakiwa wamejaa dukani, nikaiwasha. Kernel iliamka mbio kweli, ikaandika mistari myeupe, ikatafuta programu nyingine ya kuipokea, ikakosa, ikaganda hapo.

Mama Abdi aliangalia kioo cheusi, halafu akaniangalia mimi.

"Fundi, kukoboa umekoboa," akasema. "Lakini mbona umetupa mpaka sufuria?"