Ngitili ya Ndege

Nilipomwambia mwalimu mkuu kwamba nataka kuanzisha klabu ya urubani, alicheka mpaka akavua miwani. Mimi sipendi kuchekwa, hata leo. Nilikuwa kidato cha tatu pale Bariadi, binti wa mkulima wa pamba, na hasira zangu zilikuwa za karibu kama za mama yangu. Nikasimama pale mlangoni hadi alipomaliza.

Soko huria lilikuwa limeingia. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kushindana na ushirika, na msimu uliopita mmoja wao alikuja na kindege. Kilizunguka juu ya kiwanja cha ndege cha zamani nje ya mji, kikakuta kumejaa ng'ombe, kikaondoka zake. Sisi wanafunzi tulikikimbilia hadi pumzi zikatuishia. Tangu siku ile sikuwa na raha.

Mwalimu mkuu akanipa sharti. Tungekutana kila Jumamosi, wenzetu wakiwa kwenye shamba la shule, mpaka msimu mwingine wa pamba. Kama kufikia hapo ndege haijatua na rubani hajazungumza nasi, klabu inafungwa na sote tunarudi kwenye jembe. Nikasema sawa.

Karani wa yule mnunuzi alituambia rubani yuko tayari kurudi, ila hataki kuona hata mkia wa ng'ombe. Hapo tukajiona wajanja. Kwetu Usukumani kila mfugaji anaijua ngitili: mvua zikianza, eneo la malisho linafungwa, haingii mnyama, mpaka kiangazi kikaze ndipo wazee walifungue. Ukivunja unapigwa faini. Tukamwendea mzee msimamizi wa ngitili, tukamwomba na kiwanja kile kifungwe. Alikubali haraka mno, tena akatushukuru. Ningekuwa na akili ningejiuliza kwa nini.

Mvua zikanyesha. Ng'ombe hawakukanyaga. Sisi tukachora mabawa ubaoni, tukabishana namna hewa inavyobeba kitu kizito, tunafurahi kama mazuzu. Kuja kukagua kiwanja baada ya masika, nyasi zinanifika kifuani. Jamani! Watoto wa wafugaji wote wale, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba kazi ya ngitili ni hiyo hiyo, kuotesha nyasi.

Muda si mrefu karani akaleta habari kwamba ndege inakuja wiki inayofuata. Wavulana wawili wakasema bora turudi shambani kabla hatujaaibika. Nikawaambia waende, jembe halijawahi kumkataa mtu. Hawakwenda. Mimi nikashika njia ya kwa yule mzee, peke yangu.

"Mwangaluka, guku," nilimwamkia yule babu kwa Kisukuma, nikapiga magoti, nikamwomba afungue ngitili mapema ili ng'ombe wazile zile nyasi. Akakataa. Alisema wataingia mwezi wake ukifika, maana akimfungulia mmoja leo, kesho kila mtu atakuja na sababu yake. Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniuma. Nikauliza kama tunaweza kuingia na mafyekeo. Akasema kumwaga nyasi chini zioze ni uharibifu mkubwa kuliko wa ng'ombe.

Sikuondoka. Akaniuliza nangoja nini, nikamjibu kwamba nafikiri. Na kweli nilikuwa nafikiri. Nyasi zile haziruhusiwi kupotea, lakini kila mwaka, kabla ya ng'ombe kuingia, akina mama hukata za kuezekea.

"Guku, na za kuezekea je?"

"Hizo ruksa. Lakini ni za akina mama, si za shule."

Nikapita nyumba kwa nyumba. Wengi walisema kiwanja kiko mbali, nikawaahidi kwamba wao wakikata sisi tutabeba mpaka uani kwao. Wengine walinicheka, binti wa sekondari anayetafuta ndege kwenye nyasi. Mayu mmoja, mama mjane ambaye paa lake lilikuwa limevuja masika nzima, akachukua mundu wake bila maneno mengi, na wenzake wakamfuata. Walikata katikati tu, upana tuliowapimia kwa kamba, toka mwanzo wa kiwanja hadi mwisho. Sisi tukabeba. Shingo iliniuma, nyasi zikanikata masikio, nikawa nalia huku nabeba. Mwalimu mkuu alipita na baiskeli, akatuangalia, akaenda zake.

Siku yenyewe shule nzima ilikuwa kiwanjani. Kindege kikazunguka mara ya kwanza, kikazunguka tena, kikapanda juu kana kwamba kinaondoka. Nikasema Mungu wangu, usinifanyie hivi. Kisha kikashuka, magurudumu yakagusa, kikaruka kidogo, kikagusa tena, kikasimama.

Rubani alipoteremka aliuliza nani kaandaa kiwanja. Yule mzee, aliyekuja kuhakikisha hakuna mjanja anayeingiza ndama, akaninyooshea fimbo. Rubani akanipa mkono, kisha akatukusanya kwenye kivuli cha bawa na kuzungumza nasi mpaka jua likaanza kushuka.

Wenzangu walipokwenda kushikashika panga la mbele la ndege, mwalimu mkuu akanisogelea.

"Jumamosi mnakutana saa ngapi?"

"Saa nne, mwalimu."

"Nitakuja," akasema. "Hata mimi sijui kinapaaje."

Nilikuwa najizuia nisimrukie shingoni kwa furaha.