Ushuru wa Ng'ombe wa Mahari

Siku ng'ombe wa mahari yangu walipokwama darajani, nilishinda nikiingia na kutoka jikoni kama kuku anayetafuta pa kutagia. Wageni wa baba walikuwa wamekaa uani tangu asubuhi, wali umeshaiva, na ng'ombe hawaonekani.

Daraja lenyewe lipo njia ya Nkololo, nje kidogo ya mji wa Bariadi. Msimu ule bei ya pamba ilianguka, halmashauri ikapungukiwa mapato mpaka madarasa yakabaki bila paa. Madiwani wakapitisha ushuru wa daraja: gari, mkokoteni, na kila kichwa cha ng'ombe. Aliyeutetea kwa nguvu kuliko wote alikuwa diwani wa kata yetu, na diwani huyo ni baba yangu mzazi.

Mchumba wangu akanipigia simu kutoka darajani. Wazee wa kwao walikuwa wamegoma.

"Wanasema ng'ombe hawa hawaendi mnadani, wanakwenda kuoa. Hawalipi. Ikifika saa sita wanarudi nao."

Kiangazi wangewashusha kwenye mchanga wa mto, wakapita chini bila kumuuliza mtu. Lakini mvua ilikuwa imenyesha huko juu na mto umejaa.

Nikamwendea baba. "Baba, mpigie yule wa kizuizini awaruhusu."

"Nimpigie nimwambie nini? Kwamba ushuru ni wa watu wengine?"

"Basi walipie wewe."

"Mimi nigharamie mahari ya binti yangu? Simiyu nzima itanicheka."

Alikuwa sahihi mara mbili, na hilo ndilo lililonikera. Huku kiburi, kule kiburi, na katikati nipo mimi, mwalimu mzima, nasubiri kuamuliwa. Nilimpenda mchumba wangu. Nilijua kabisa kwamba ng'ombe wakirudi siku ile hawaji tena, wazee watatafutiana makosa mpaka sisi tuzeeke.

Nikajifunga kanga juu ya gauni, nikaita bodaboda. Shangazi akanikimbilia. "Mayu we! Bibi harusi anafuata ng'ombe barabarani?" Sikugeuka.

Darajani niliwakuta wazee wameegemea fimbo, ng'ombe wanasukumana kwenye mlingoti wa kizuizi. Nikapiga goti. "Mwangaluka, baba." Wakaitikia kwa shida. Nikaenda moja kwa moja kwa mkusanya ushuru, nikalipa kwa simu, kila kichwa. Mashine ikatoa risiti, mlingoti ukainuliwa.

Mzee mmoja akavua kofia, akaivaa tena. Mchumba wangu akapiga mluzi na ng'ombe wakavuka, lakini wazee walibaki upande wao kitambo, wakitazama maji, kabla ya kuwafuata.

Shughuli ikafanyika, watu wakala, vigelegele vikapigwa. Mimi sikumeza hata tonge moja.

Wageni walipoondoka, baba aliniita zizini. Ng'ombe walikuwa wametimia.

"Nani alilipa pale?"

"Mimi."

Nilijiandaa kugombezwa, hata jibu nilikuwa nalo mdomoni.

"Basi," akasema taratibu, "umejilipia mwenyewe uondoke kwangu."

Akainama kufunga zizi. Nami niliyehangaika kutwa nzima ili niondoke, nikasimama pale natamani aniambie nisiende.